Yasini Niliyosomewa Kabla ya Kuumwa

Mtoni, Unguja
9 Juni 2024

Dada yangu Riyama,

Shikamoo. Kipupwe kimeingia. Watu wa huku wamejifunika masweta, na mie natoka na fulana ya mikono mifupi, wananitazama kama mtu aliyetoroka mahali. Bakar, mtoto wa Ami Kificho wetu, kanipa chumba cha uani hapa kwake, na mkewe Mwanakheri ananilisha kama mbuzi wa Idi. Na Idi yenyewe ni wiki ijayo, naanza kuogopa. Wote wanakusalimu.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu mbili. Ya kwanza, ulinikatia simu siku nilipoondoka Columbus, na tangu hapo hupokei. Ya pili, simu za huku zina ukoo mzima ndani yake. Nilimuuliza Nusrat, yule binti wa Bakar, dawa ya kikohozi. Jua halijachwa, mtu wa Kendwa nisiyemjua kaniletea tangawizi na kuniombea nisife.

Najua bado umenuna. Lakini nifanye nini, dada? Ghala limefungwa, kazi imekwenda, na bima ikaifuata kazi kama mkia. Bima ya serikali ya wazee huko ni mpaka mtu atimize sitini na tano, na mie nina sitini. Yule bwana wa ofisini alinieleza kwa upole mwingi, na maana ya upole wake ilikuwa: usiumwe miaka mitano. Mtu wa kwetu hawezi kuahidi kutoumwa mpaka Ijumaa.

Huku nako usidhani nilipokewa kwa marashi. Kampuni ya kwanza ya bima walinisikiliza vizuri mpaka nilipotaja umri. Yule dada akafunga kalamu yake, tap! Ya pili wakasema watanipigia. Bado nasubiri. Mwisho akanisaidia Kheir, mume wa Nusrat, ambaye ni wakala wa kampuni moja. Kijana mzuri, mkweli kupita kiasi. Kaniuliza maswali yote, nusura aniulize jina la mkunga aliyenizalisha. Nikajibu kwa haki ya Mungu: sina ugonjwa, sina dawa, sijapasuliwa. Kadi ninayo. Nnalala nayo chini ya mto kama bi harusi na kitambaa chake.

Daktari ndiyo kazi. Kila mtu ana "daktari wetu". Wa Bakar ni mtaalamu hasa, ila ni wa watoto. Nimekaa na kikohozi changu kati ya akina mama, ukutani twiga kachorwa anacheka, na kila mtoto akinitazama analia. Daktari kanipapasa kifua akasema, "Ami, kwa kilo zako sina kipimo cha dawa."

Haya, cheka basi. Niandikie habari zako. Ulikuwa umekonda tulipoonana mwisho, sikusema kwa sababu ungenipiga.

Mdogo wako,
Tahir


Columbus, Ohio
28 Julai 2024

Tahir,

Marahaba. Barua yako ilifika zamani, nimechelewa kujibu mwenyewe. Kazi nyingi. Mwandiko usiucheke, naandika nimejilaza.

Nimecheka kwa daktari wa watoto. Kwa mengine sikucheka. Mimi nina sitini na tatu, na kila alfajiri navaa viatu vya mpira nikaenda kupikia wazee wa watu uji usio na chumvi. Na mimi ningependa kukaa uani kwa Bakar nikalishwa. Nimebakisha miaka miwili kasoro nipate hiyo bima ya wazee, na nitaimaliza kwa meno. Wewe umeondoka kama mtu aliyeacha sufuria motoni. Ungetafuta kazi nyengine. Ungesafisha vyoo. Ungekuwa na kadi, na ungekuwa hapa.

Habari zangu ni nzuri. Usiniulize tena habari za kukonda. Mwanamke wa umri wangu ana haki ya kukonda bila kuandikiwa barua.

Mpe Bakar salamu, mwambie ahsante kwa lile jambo la Shaaban. Yeye anajua. Wewe usimhoji.

Dada yako,
Riyama


Mtoni
6 Oktoba 2024

Dada Riyama,

Shikamoo. Mwanakheri hajambo, Nusrat hajambo, mbuzi wa jirani hajambo. Salamu zimekwisha. Mie nina hasira, na nakuandikia nikiwa nimekaa upande upande kwa sababu nitakayokueleza sasa hivi.

Mwezi wa nane nilianza kuamka usiku kwenda chooni kama mlinzi anayezunguka lindo. Nikasema ni chai ya Mwanakheri. Halafu siku moja ikawa nakwenda na hakitoki kitu. Dada, usiombe. Nimelia kwa jina la mama, mzee mzima, nimeshika mlango wa choo. Bakar kanipakia kwenye gari kunipeleka kwa Daktari Borafya, ambaye kumbe ni mtoto wa Borafya Mnene niliyesoma naye. Binti huyo! Nimembeba mgongoni! Akasema, "Shikamoo Ami, vua." Nikavua. Heshima yangu ya miaka sitini iko kwenye kabati lake pale hospitali.

Ni tezi dume. Imevimba, si ya kuua, ila lazima ipasuliwe. Kwa sasa nina mpira wa mkojo na mfuko wake umefungwa pajani. Ndipo nilipojua kwa nini wazee wetu walipenda kanzu.

Lakini sikukasirika kwa hilo. Maradhi ni ya watu. Nilisema alhamdulillahi, miezi ya kusubiri ishapita, kadi ninayo, hospitali ya binafsi ina mtaalamu wa kunipasua, bima italipa. Nikapeleka madai. Yakarudi. Wamekataa. Wanasema nilikuwa mgonjwa kabla ya kujiunga na nikaficha. Mie! Nikamwita Kheir, akaja na viatu mkononi kama anaingia msikitini.

"Kheir, mwanangu, umewaambia nini hawa?"

"Ami, wameniuliza kama najua lolote kuhusu afya yako kabla hujajiunga. Wallahi sikuweza kusema uongo. Nikasema tulikusomea."

"Mlinisomea nini?"

"Yasini, Ami. Shaaban, hapa hapa kwa baba mkwe. Watu walijaa mpaka barazani."

"Na mie nilikuwa wapi?"

"Marekani. Ndiyo tulikuwa tunakuombea ufike mzima."

"Mbona nilipokuja kwako hukuniuliza habari za ugonjwa huo?"

"Nilikuuliza, ukasema huna. Nikajua dua imekubaliwa."

"Basi kwa nini hukuwaambia hao wakubwa zako kuwa imekubaliwa?"

Akainama. "Hawana pa kuandika hilo, Ami."

Nikamgeukia Bakar. Bakar anafikicha macho. Anasema, "Dada yako alipiga simu analia, akasema tusome. Ningemkatalia?" Kwa hiyo, Bi Riyama, katika mwezi wa Shaaban, mie nikiwa mzima kama chuma, nakula wali wako kila Jumapili hapo Columbus, wewe unanisomesha Yasini huku kama maiti mtarajiwa! Watu wote wakaitikia amina. Wakanywa kahawa. Wakala mkate wa kumimina. Na sasa kila aliyekula ni shahidi dhidi yangu.

Nani alikwambia naumwa? Uliota? Umepiga bao kwa mganga? Nataka jibu moja tu. Kampuni wanasema nikate rufaa kabla ya mwisho wa Februari, nilete maandishi ya huyo aliyeagiza kisomo, aseme mgonjwa hasa alikuwa nani na anaumwa nini. Kwa hiyo andika. Mstari mmoja. "Tahir hakuwa mgonjwa, mimi ndiye mwenye wasiwasi." Basi.

Bahasha ya kujibu nimeitia humu, na jina lako la mtumaji nimekuandikia, usije ukasema umechoka.

Tahir


Columbus
10 Novemba 2024

Tahir,

Pole kwa maradhi. Nimeisikia pole yangu mwenyewe kifuani, si kwamba nimeiandika tu.

Lakini umeniandikia kama unamwandikia mwizi. "Umepiga bao." Mimi? Niliyekulea mama alipokuwa hajiwezi, nikakuchania nywele ukinipiga mateke? Dua haijamdhuru mtu tangu dunia iumbwe. Kama kampuni yako inakataa mtu kwa kuombewa, tatizo ni la kampuni, na ni lako uliyeikimbilia. Nilikwambia kaa. Hukukaa. Ungekaa, huyo binti wa Borafya asingekuvua.

Swali lako nimeliona. Sina jibu lake. Usinitumie tena bahasha zenye jina langu kama mtoto wa shule.

Huku baridi imeanza. Nimenunua kofia ya sufu.

Riyama


Mtoni
8 Desemba 2024

Bi Riyama,

Umenunua kofia. Mabruki.

Mie nimefunga mfuko wa mkojo pajani, na jana umefunguka mbele ya duka la vitambaa pale Mlandege. Kanzu nyeupe. Sikuelezi zaidi. Muuza duka kanipa kiti akatazama juu, akaanza kusifu feni lake. Mtu yule Mungu amlipe. Amenisitiri kuliko ndugu zangu.

Nimekwenda kwenye foleni ya hospitali ya serikali. Wamenipokea vizuri, wameniandika kwa mwezi wa tano, kwa kuwa mbele yangu wapo wanaoumwa kuliko mie. Haki yao. Mwezi wa tano! Na mtaalamu wa binafsi ananisubiri wiki yoyote, kinachotutenganisha ni mstari mmoja kutoka kwako, na wewe unaukalia kama kuku.

Sikukuomba pesa. Sikukuomba uje. Nakuomba ukweli, ambao hata Kheir anautoa bure kwa wasiomuomba. Kama ulikuwa na hasira nami kwa kutaka kurudi, ukaona uniroge kwa Kurani, sema. Kama uliota, sema. Mtu mzima hajibu "sina jibu". Hilo ni jibu la mtoto aliyevunja chungu.

Mpaka uniandikie hilo, usiniandikie.

Tahir


Columbus
12 Januari 2025

Tahir mdogo wangu,

Naanza bila salamu, nikianza na salamu nitaishia hapo.

Aliyesomewa ni mimi.

Januari mwaka jana walinikuta na uvimbe kwenye ziwa la kushoto. Ulikuwa unakuja kula Jumapili na mimi nina plasta chini ya gauni. Siku waliponipa majibu nilikaa kituo cha basi, mabasi yakapita, nikataka kitu kimoja tu: nisikie nyumba yetu inasoma. Nikampigia Bakar. Nikasema, "Msomeeni mgonjwa wetu." Akauliza, "Nani, dada?"

Tahir, nilikuwa nimefungua mdomo. Halafu nikamkumbuka Mwanakheri. Shoga yake wa chuoni anapika nami jiko moja hapa, na huongea naye kila siku ya Mungu. Jina langu likitajwa Mtoni asubuhi, jioni liko kwa msimamizi wangu. Hawatanifukuza, hapana, wana adabu. Watanipunguzia masaa ili nipumzike. Masaa yakipungua, bima inaondoka. Bima ikiondoka, dawa inasimama. Kwa hiyo nachomwa dawa Alhamisi, Ijumaa nashika mwiko, na natapika kwenye choo cha wafanyakazi huku nimefungua bomba wasisikie. Nywele zimekwisha. Ndiyo kofia.

Basi nikiwa bado namuwaza Mwanakheri, Bakar akajijibu mwenyewe: "Ah, Tahir? Ndiyo maana anataka kurudi!" Sikusema ndiyo. Sikusema siyo. Nikashukuru moyoni kwamba limepatikana jina. Nilisema, Tahir ni mzima, jina lake lina nguvu, litabeba.

Na siku ile nilikukatia simu kwa sababu ulisema, "Dada, twende sote." Ungesema mara ya pili ningekuja, na ningekufa.

Nimeandika hiyo karatasi wanayoitaka. Imo humu, ina sahihi yangu na jina la ugonjwa. Mpe Kheir apeleke. Yatakayokuja na yaje, nimechoka kukukwepa.

Usiniandikie maneno ya huruma. Nitayachana.

Dada yako


Mtoni, Unguja
23 Februari 2025

Dada yangu Riyama,

Shikamoo. Huruma hutaipata kwangu, tulia. Nimekasirika kuliko barua zote zilizotangulia, mpaka Mwanakheri kaniletea maji.

Nimekasirika kwamba nilikaa mbele yako kila Jumapili, mie na kelele zangu, nikakwambia wali umezidi nazi, na wewe una plasta. Nimekasirika na nchi inayomfanya mwanamke ashike mwiko na matapishi ili apate dawa. Nimekasirika na hawa wa huku waliogeuza amina kuwa ushahidi. Nimemkasirikia Bakar kwa kujijibu. Nimejikasirikia kwa bahasha ile. Na wewe, Riyama binti wa mama yangu, wewe nimekukasirikia usiku na mchana. Ungeniambia mimi! Ningepiga kelele, kweli. Lakini ningepiga kelele hapo jikoni kwako, nikiosha vyombo.

Sasa sikiliza nilichofanya. Usinifokee, lishafanyika.

Karatasi yako nilikaa nayo mfukoni mwa kanzu siku nne. Rufaa lazima ipitie kwa wakala, na namjua Kheir. Kheir angeisoma kwa sababu ni kazi yake, angemwambia Nusrat kwa sababu ni mkewe, Nusrat angemwambia mamaake kwa sababu angelia. Hakuna hata mmoja angekuwa na ubaya. Na jioni yake ingekuwa huko jikoni kwenu. Nami nikizidi kusema si mie, watatafuta ni nani.

Shaaban imerudi tena. Nikamwambia Bakar, "Ijumaa tusome." Akafurahi, akaalika watu. Baada ya alasiri ukumbi ukajaa, viatu mpaka barazani. Bakar akakaa katikati, mkubwa, kifua mbele, akasema, "Jamaa, kabla hatujafungua: tunamsomea nani?"

Nikasimama. Kusimama kwenyewe ni kazi, na ule mfuko. Nikasema, "Mimi. Mgonjwa wenu yule yule wa mwaka jana. Na mwaka huu someni kwa nguvu, mwaka jana mlisoma kivivu."

Wakacheka. Kheir alikuwa pembeni yangu. Akaninong'oneza, "Ami, watu wote wamesikia. Wa mwaka jana! Wakiniuliza kazini siwezi kukataa. Rufaa yako imekwisha."

"Imekwisha, mwanangu."

"Lakini ulisema hukuwa mgonjwa!"

"Kheir, kula mkate wa kumimina."

Karatasi yako niliitia asubuhi ile kwenye jiko la makaa, chini ya birika. Ndiyo iliyochemsha kahawa yao. Mie nitapasuliwa mwezi wa tano, kwenye foleni yangu, na watu wa haki mbele yangu. Nimeshazoea kutembea taratibu. Watu wanadhani ni hekima.

Lakini jina langu halikukopeshwa bure. Kila mwezi uniandikie ukweli: dawa imefika wapi, umetapika au hukutapika, nywele zimeota au hazijaota. Ukiandika "habari zangu ni nzuri" nitapanda ndege na mfuko wangu wa mkojo, nije nikae mbele ya jiko la wazee wako nikutaje kwa sauti.

Walisoma vizuri, dada. Kulikuwa na mtoto wa chuo cha Kurani mwenye sauti kama ya mama, nikalia, wakadhani ni tezi. Kila amina waliyoitikia, waliitikia kwa jina langu. Nimekukusanyia zote. Nakuletea humu, zichukue, upone.

Mgonjwa wenu,
Tahir